Fahamu: Karatasi ya kura ambayo mama wa Machochwe hapewi

Siku ya uchaguzi mkuu, mama wa Machochwe wilayani Serengeti hupokea karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya viti maalum vya wanawake bungeni haimo.

Nafasi ya wanawake katika siasa ndiyo kazi ya miaka mingi ya Profesa Ruth Meena, mwanazuoni wa sayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1992 alihariri kitabu Gender in Southern Africa, kilichochapishwa Harare.

Viti maalum vyenyewe hupatikanaje? Katiba inataka wabunge wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Mwaka 2015 walikuwa 113. Chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge hupeleka majina Tume ya Uchaguzi. Kwa hiyo mbunge wa viti maalum anawajibika kwanza kwa chama chake, na hilo linauma.

Tena, hawezi kuwa waziri mkuu: Ibara ya 51 ya Katiba inataka mbunge wa jimbo.

Nafasi za wanawake haziishii bungeni: ngazi ya kijiji, sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri wawe wanawake.