Bidhaa Zitokazo Ng'ambo: Herufi Tatu na Hesabu ya Siku

Siku hizi wengi wanaomaliza masomo hapa hawangoji kazi ya mshahara. Hufungua duka katika simu, wakapiga picha za mikoba, viatu au taa, na wanunuzi wa Mwanza na Mbeya wakawatumia fedha kwa simu hiyo hiyo. Bidhaa zenyewe hutoka China, hasa Guangzhou na Yiwu. Mimi nafundisha masomo ya biashara, na wazazi wamenijia mara nyingi kuniuliza kama yafaa kumpa kijana mtaji wa kazi hiyo. Huwajibu kwa swali: je, kijana ajua maana ya FOB? Naona yafaa nieleze kwa nini nauliza hivyo.

Mwenye kiwanda akitaja bei, huweka herufi tatu nyuma yake. Herufi hizo si pambo. Zimetungwa na Baraza la Biashara la Kimataifa lililoko Paris, ambalo lilitoa masharti yake ya kwanza mwaka 1936. Yanayotumika sasa ni ya mwaka 2020, nayo ni 11. Kila sharti laeleza mambo mawili: nani alipe gharama na mpaka wapi, tena, ni mahali gani hatari ya mali humtoka mwuzaji ikamwangukia mnunuzi. Wengi hulisoma jambo la kwanza, la pili hawalitazami.

Tuchukue manne tu. EXW maana yake mali i mlangoni mwa kiwanda, na kila kitu baada ya hapo ni juu yako, hata ruhusa ya kuitoa China. Asiye na mtu wake huko asiiguse. Kwa FOB, mwuzaji huifikisha mali bandarini kwao, hutimiza taratibu za forodha ya huko, na kuipakia melini. Ikisha kuwa ndani ya meli, hatari ni yako. Kwa CIF, mwuzaji hulipa pia nauli ya meli na bima mpaka Dar es Salaam. Hapa ndipo watu hupotea, maana hudhani kwamba hatari ingali ya mwuzaji mpaka meli itie nanga kwetu. Sivyo. Hatari huhama pale pale inapohamia katika FOB, yaani melini kule China. Mali ikiharibika njiani hasara ni yako, nawe ndiwe wa kuidai bima. Tena bima ambayo CIF humlazimisha mwuzaji kuikata ni ile ndogo kabisa: hulipa meli ikizama au ikiungua, lakini wizi hailipi.

Ya nne ni DDP, ambapo mwuzaji hulipa yote, hata ushuru wa kwetu. Ni tamu masikioni. Lakini kama hati za forodha hazina jina lako, utamwonyesha nini mtu wa kodi akikuuliza mali iliingiaje?

Kuhusu bima, tukumbuke meli Ever Given iliyokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021. Ilinasuliwa tarehe 29, lakini Misri iliizuia mpaka tarehe 7 Julai. Tena mwenye meli alitangaza kwamba gharama za kuiokoa zigawanywe kwa wote wenye mali ndani yake, kama ilivyo desturi ya zamani ya baharini. Mtu mwenye katoni chache tu, asiyehusika hata kidogo na kukwama kule, alitakiwa kutoa dhamana kabla ya kupewa mali yake. Kwa hiyo mimi hupendelea FOB, kisha mtu akajikatia bima kamili katika kampuni ya hapa nchini, ambayo aweza kuiendea kwa miguu.

Sasa msomaji na achukue kalamu. Tuseme kijana ananunua mikoba 500 ya shule kwa dola 4 mmoja, FOB. Hizo ni dola 2,000. Nauli na bima tuziweke dola 400. Ushuru wa forodha katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huhesabiwa juu ya thamani ya CIF, wala si juu ya bei ya kiwanda. Bidhaa zilizokamilika mara nyingi hutozwa asilimia 25 au 35. Tukichukua 25, ushuru ni dola 600. Kodi ya ongezeko la thamani ya Tanzania Bara, asilimia 18, huwekwa juu ya hizo 3,000: dola 540. Jumla 3,540. Mkoba wa dola 4 umekuwa wa dola 7 na senti 8, na bado kuna tozo ndogo ndogo, gharama za bandari na ujira wa wakala.

Lakini sehemu inayowaangusha wengi si bei, ni siku. Tuseme auza mikoba 5 kwa siku. Kiwanda chataka siku 15 kuitengeneza, siku 7 kuifikisha na kuipakia, siku 30 baharini, siku 10 bandarini na forodhani. Jumla siku 62. Katika siku hizo atauza mikoba 310. Aongeze ya siku 14 za kuchelewa, ambayo ni 70. Basi hana budi kuagiza tena wakati angali na mikoba 380 ghalani, yaani siku ya 24, akiwa ameuza 120 tu!

Wengi hungoja mpaka wabaki na mikoba 50. Hapo duka hukaa tupu miezi miwili, na wanunuzi hawangoji.

Na fedha? Akiuza kwa thamani ya dola 12, mikoba 120 imempa dola 1,440. Hazitoshi kulipa 2,000. Ila viwanda vingi hupokea asilimia 30 kwanza, yaani dola 600, na zilizobaki kabla ya kusafirisha. Siku 15 baadaye ameuza mikoba 75 zaidi, na dola 1,400 za mwisho zapatikana, ikiwa hakuna aliyezichota kununulia simu mpya. Wazazi wanaotoa mtaji na waangalie hapo.

Mikoba ina majira yake pia. Shule hufunguliwa Januari, hivyo yapasa iwe Dar es Salaam katikati ya Desemba. Tukirudi nyuma siku 62, na zile 14 za kuchelewa, twafika tarehe 30 Septemba. Anayeanza kuagiza Januari hukutana na mwaka mpya wa Wachina, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Viwanda vingi hufungwa kwa wiki kadhaa, na siku hizo ziongezwe katika zile 62.