Chipu Chache Mezani: Hesabu ya Kutia Zote katika Poka

Katika mashindano ya poka ya Texas Hold'em, chipu za mchezaji hupungua nguvu hata kama hajacheza vibaya. Kila karata zinapogawiwa, wawili walioketi kushoto kwa mgawaji hulazimika kutanguliza madau, mmoja dau dogo na mwenzake dau kubwa. Siku hizi, katika mashindano mengi, mwenye dau kubwa hulipa pia ante, yaani mchango wa lazima wa kila mgao, kwa niaba ya meza nzima. Madau hayo hupanda kila baada ya muda uliopangwa. Chipu 10,000 ni mara 50 ya dau kubwa likiwa 200. Dau likifika 1,000, chipu zile zile ni mara 10 tu. Hapo nafasi ya kucheza kwa ujanja wa hatua kwa hatua huwa imekwisha, na swali linabaki moja: kutia chipu zote au kutupa karata?

Kipimo kinachotumiwa sana kujua hali ya mchezaji huitwa M, kwa heshima ya Paul Magriel, mtaalamu wa hisabati na bingwa wa bao la backgammon. Aliyekieneza ni Dan Harrington, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1995, katika vitabu vyake vya mbinu za mashindano. M hupatikana kwa kugawanya chipu za mchezaji kwa jumla ya madau yote ya lazima ya mgao mmoja. Dau dogo likiwa 500, dau kubwa 1,000 na ante 1,000, kila mzunguko wa meza humgharimu mchezaji 2,500. Mwenye 10,000 ana M ya 4: akiketi tu bila kucheza, ataishi mizunguko minne. Harrington aliita eneo la kuanzia 5 kushuka hadi 1 ukanda mwekundu, ambamo hatua pekee yenye maana ni kutia zote.

Kusubiri karata nono ni kishawishi kikubwa, na hesabu yake inasikitisha. Karata mbili za kuanzia zinaweza kuungana kwa njia 1,326, na njia 30 tu kati ya hizo ni jozi za 10 kwenda juu. Katika meza ya watu tisa, uwezekano wa kupata jozi ya namna hiyo ndani ya mzunguko mzima haufiki moja kwa tano. Mwenye M ya 4 hulipa robo ya mali yake kununua nafasi hiyo finyu.

Nguvu ya kutia zote inatokana na jambo ambalo wanaoanza mchezo hulidharau: mchezaji ana njia mbili za kushinda. Anaweza kuwa na karata bora mwishoni, au wapinzani wote wanaweza kutupa zao asionyeshe chochote. Chukulia wote wametupa karata, wamebaki mwenye dau dogo na mwenye dau kubwa. Wa kwanza ana chipu 10,000, pamoja na 500 alizokwisha kutanguliza. Mpinzani wake ana nyingi zaidi. Akitupa karata anabaki na 9,500. Akitia zote na mpinzani akakimbia, anafikisha 12,000. Mpinzani akiitikia, yaani akiweka chipu sawa na zake, fungu linakuwa 21,000.

Sasa tuseme mpinzani huitikia mara 40 katika 100, na kila anapoitikia mtiaji ana uwezekano wa kushinda wa asilimia 38 tu, yaani yuko nyuma waziwazi. Asilimia 60 ya 12,000 ni 7,200. Asilimia 38 ya 21,000 ni 7,980, na kwa kuwa hilo hutokea mara 40 katika 100, linachangia 3,192. Jumla ni 10,392, karibu chipu 900 zaidi ya zile anazobaki nazo akitupa karata. Mtu anayeonekana kubahatisha anafanya jambo sahihi, na anaendelea kuwa sahihi hata pale anapoitikiwa, akashindwa na kutoka mashindanoni. Hilo ndilo gumu zaidi kukubalika katika mchezo huu: ubora wa uamuzi haupimwi kwa mgao mmoja.

Kwa nini asipandishe dau kwa kiasi, kwa mfano hadi 2,500? Mpinzani akijibu kwa kutia zote, aliyepandisha atatakiwa kuongeza 7,500 kuwania fungu la 21,000. Uwezekano wa asilimia 36 unatosha kumlazimisha aendelee, na karata nyingi zinao. Fedha zake zitaingia zote vilevile, lakini nafasi ya kumtisha mwenzake ameshaitupa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, Peter Bro Miltersen na Troels Bjerre Sørensen, walilikokotoa jambo hili kwa kompyuta kwa shindano la watu wawili lenye chipu 8,000 kwa jumla na madau ya 300 na 600. Walionyesha kuwa mchezaji anayejifunga kutia zote au kutupa tu, bila hatua nyingine yoyote, hapotezi zaidi ya pointi 1.4 za asilimia za uwezekano wa kushinda akilinganishwa na anayecheza kikamilifu. Msingi wao ulikuwa nadharia ya michezo ya John von Neumann na John Nash: kila upande unapofikia msawazo, hakuna anayefaidika kwa kubadili mbinu peke yake.

Anayeitikia ana njia moja tu ya kushinda, kwa hiyo anahitaji karata bora kuliko anayetia. Katika mfano ule ule, mwenye dau kubwa anatakiwa kuongeza 9,000 kuwania 21,000, hivyo anahitaji uwezekano wa karibu asilimia 43. Lakini kama mtiaji angekuwa amesubiri mpaka akabaki na 3,000, mpinzani angeongeza 2,000 tu kuwania 7,000, na asilimia 29 ingemtosha. Hata 2 na 3 za rangi tofauti, karata mbovu kuliko zote dhidi ya karata zisizojulikana, zina asilimia 32. Mtiaji wa namna hiyo hatishi tena. Subira yake imemlia chipu, na zaidi ya chipu imemlia ile njia ya pili ya kushinda.

Nafasi ya kuketi nayo hubadilisha kila kitu. Mwenye watu wanane wa kucheza baada yake ana hatari ya takribani theluthi moja kwamba angalau mmoja wao ameshika karata zilizo katika asilimia 5 bora. Aliye kwenye nafasi ya mgawaji amebakiza wawili tu, na hatari hiyo ni kama moja kwa kumi. Ndiyo maana karata zile zile hutupwa na wa kwanza na kutiwa zote na wa mwisho.

Ree ni karata ya thamani hapa hata ikiwa na mwenzi dhaifu, kwani anayeishika humpunguzia mpinzani jozi za ree kutoka njia sita hadi tatu. Ila ikiitikiwa na ree yenye mfalme, ree na 2 hubaki na takribani robo ya nafasi. Karata zinazofuatana za rangi moja, kama 7 na 6, hazina sifa hiyo, lakini dhidi ya ree na mfalme hufikia karibu asilimia 40.

Zawadi zinapokaribia, chipu hazilingani tena na fedha. Tuseme wamebaki wanne, kila mmoja na chipu 5,000, na zawadi ni dola 500, 300 na 200 kwa watatu wa kwanza. Sehemu ya kila mmoja ni dola 250. Wawili wakitia zote, mshindi anakuwa na chipu 10,000, lakini kwa kanuni ya kukadiria thamani ya chipu kwa fedha, iliyoingizwa kwenye poka na Mason Malmuth mwaka 1987, thamani yake ni dola 383, wala si mara mbili ya 250. Anayefikiria kuitikia anahatarisha dola 250 ili apate 383, hivyo anahitaji uwezekano wa asilimia 65. Ree na mfalme za rangi tofauti, dhidi ya karata zozote zile, zina asilimia 65 na kitu. Karata ambazo mchezaji angezifurahia mwanzoni zinamtosha kwa unywele tu, na mtiaji akiwa mteuzi hata kidogo hazimtoshi. Anayetia kwanza ndiye anayevuna hofu ya wengine ya kuitikia, mradi chipu zake bado zinaweza kumjeruhi anayemwitikia.

Kanuni hiyo aliyoiingiza Malmuth ina upungufu wake. Huhesabu chipu tu, bila kujua ni nani anayefikiwa na dau kubwa katika mgao ujao. Mwenye chipu 2,000 aliyelipa madau sasa hivi na mwenye 2,000 anayetakiwa kuyalipa baada ya dakika moja huonekana sawa kwenye hesabu, ingawa wa pili anapaswa kutia kwa karata dhaifu zaidi kabla zamu yake haijafika.