Kaplingi ya haidroliki (gari)

Kaplingi ya haidroliki ni kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kutoka ekseli moja ya gari kwenda nyingine kwa kutumia mafuta yaliyofungiwa ndani yake. Hupatikana katika magari mengi madogo ya foo-wili, na mara nyingi hukaa kati ya propela shafti na difu ya nyuma. Isichanganywe na kaplingi ya Hermann Föttinger wa Ujerumani (1905), ambayo ni asili ya tokonveta ya giaboksi za otomatiki.

Sababu ya kuwapo kwake

Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, hivyo huzunguka zaidi. Ekseli zote mbili zikiunganishwa moja kwa moja kwa gia, lazima kitu kiteleze. Kwenye matope tairi huteleza bila shida, lakini kwenye lami kavu gia hukazana na tairi hulika. Ndiyo maana katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 dereva huingiza foo-wili mwenyewe kwa rungu, na kuitoa anapofika kwenye lami. Kaplingi hufanya kazi hiyo bila kungoja dereva.

Aina ya mnato

Ndani ya kopo lililozibwa kuna sahani nyingi nyembamba za chuma zenye matundu. Sahani moja imeshikwa na kopo, inayofuata imeshikwa na shafti ya katikati, na kadhalika kwa kupokezana. Hazigusani. Nafasi kati yake imejaa mafuta mazito ya silikoni, pamoja na hewa kidogo.

Anayesonga ugali anaijua kanuni hii: sufuria isiposhikwa huzunguka pamoja na mwiko, ingawa hakuna kilichoifunga kwenye mwiko. Uji mwepesi hauwezi kufanya hivyo. Pande zote mbili zikizunguka kwa kasi karibu sawa, mafuta hayavutwi sana na nguvu ndogo tu hupita. Gurudumu la mbele likianza kuteleza, sahani zake huyakata mafuta kwa kasi, nayo huburuta sahani za upande wa pili.

Msuguano huo huleta joto. Mafuta hutanuka, hewa hubanwa, kanieneo hupanda, na hatimaye sahani husukumana hadi kopo zima huzunguka kama kipande kimoja. Joto likipungua, hulegea tena.

Kampuni ya FF Developments ya Uingereza, iliyoanzishwa na Tony Rolt mwaka 1971, ilichangia sana kuikuza. Ilitumika katika AMC Eagle ya Marekani ya mwaka 1980, kisha Volkswagen Transporter Syncro (1985) na Land Rover Freelander (1997).

Aina ya pampu

Honda CR-V ya kwanza (1995) ilikuwa na pampu mbili: moja huzungushwa na propela shafti, nyingine na difu ya nyuma. Kasi zikilingana, mafuta ya pampu moja hupokelewa na nyingine. Ya mbele ikizidi, mafuta ya ziada hubana sahani za klachi na magurudumu ya nyuma hupata nguvu. Mafuta yakichakaa, gari hunguruma nyuma kwenye kona kali. Haldex ya Uswidi, iliyoingia katika Audi TT na Volkswagen Golf mwaka 1998, iliongeza vali inayoamriwa na kompyuta.

Matumizi na uharibifu

Adui mkubwa wa kaplingi ni tairi zisizolingana. Tairi ya kipenyo cha sentimita 70 huzunguka mara 455 hivi kwa kilomita. Ya sentimita 69, mara 461. Mwenye gari aliyeweka tairi mpya mbele na kuacha zilizolika nyuma ataona ameokoa fedha. Kumbe kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 450, ekseli zake zitapishana karibu mizunguko 3,000, na kaplingi itapata joto njia nzima.

Pia gari lisivutwe likiwa limeinuliwa mbele tu huku magurudumu ya nyuma yakiviringika.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mvua hunyesha hasa Desemba hadi Aprili. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Bahi, hujaza mifereji ya tairi hadi zikawa laini. Kaplingi huweza kulitoa gari kwenye utelezi mfupi. Haitoi gia nzito, wala haikuundwa kwa kuteleza mfululizo kwenye mchanga wa korongo. Ikichemka, ya kompyuta huweza kukata nguvu ya nyuma ili kujilinda, na gari hubaki la magurudumu mawili katikati ya korongo ambalo maji yake hushuka ghafla kutoka mvua ya mbali. Maandishi "4WD" mlangoni hayaonyeshi tofauti hiyo.

Kaplingi ya mnato iliyokwama hutambulika kwenye lami kavu: usukani ukikunjwa hadi mwisho na gari likatembezwa polepole, hukataa kama limeshikwa breki. Mafundi wengine hufungua propela shafti ili lizunguke bila shida. Mnunuzi wa gari lililotumika achungulie chini kama shafti bado ipo.