Je, Wajua? Mtu mmoja mlingotini aweza kupindua chombo

Je, wajua kwamba katika mashua ndogo ya tanga, kupanda mlingoti ni hatari hata kama kamba ni imara? Chombo kikiinama nyuzi 10 tu, aliye juu kwa mita 10 husogea kando kama mita 1.7. Uzito wake hapo hukivuta chombo kulala zaidi kuliko kama angeketi ukingoni mwa mashua yenye upana wa mita 2. Jahazi lililoshiba shehena halitikisiki kwa hilo. Kidau chepesi chaweza kupinduka naye.

Akianguka kutoka kimo hicho, hufika sitahani kwa sekunde 1.4 hivi, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo apande kwa henza mbili: moja ya kumvuta, nyingine ya akiba, inayokazwa kadiri anavyopanda na isiyopita kwenye kapi lile lile. Kiti anachokalia akivutwa juu kifungwe kwa fundo, si kwa kifungo cha kufyatuka, hata kiwe kipya vipi. Na anayevuta asisimame chini yake, maana bisibisi ikiponyoka haichagui kichwa. (Hiyo bisibisi nayo ifungwe uzi.)

Wavuvi wa ngalawa wana njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa chombo chochote kidogo: mlingoti hung'olewa, ukalazwa mchangani, na fundi akafanya kazi yake miguu ikiwa chini.