Jaribio la Kiswahili na mtihani wa Kiingereza wa China

Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha jaribio ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita hivi hivi. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili, kila moja na maana yake ya Kiingereza: mashua, boat, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha. Watafiti wake, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, hawakuwa wakichunguza Kiswahili. Walihitaji maneno ambayo vijana wale hawakuwa nayo kichwani, na tangu mwaka 1994 wanasaikolojia Thomas Nelson na John Dunlosky walikwisha kuandaa jozi 100 za Kiswahili na Kiingereza kwa kazi ya namna hiyo. Wanafunzi waligawanywa makundi manne. Wote walisoma orodha na kuulizwa, wakarudia tena na tena. Tofauti ilianza pale mtu alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Katika makundi mawili neno hilo liliendelea kuulizwa; katika mawili mengine halikuulizwa tena, ingawa kundi moja kati ya hayo liliendelea kulisoma. Kikao kilipokwisha, wote walikuwa wameimudu orodha nzima. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Walioacha kuulizwa walikumbuka kama theluthi moja tu, na kule kusoma tena hakukuwaongezea cha maana. Kubwa zaidi ni hili: walipotakiwa kukisia mwishoni mwa kikao ni maneno mangapi watayakumbuka wiki ijayo, makundi yote manne yalitaja kiasi kilekile, karibu nusu. Hakuna aliyehisi kwamba njia yake ilikuwa ikimjenga au ikimpotezea muda.

Matokeo hayo yanawagusa sana watu ambao huenda hawajawahi kulisikia neno moja la Kiswahili, yaani watahiniwa wa mtihani wa kitaifa wa kuingia shahada ya uzamili nchini China, unaofanyika kila Desemba. Kwa udahili wa mwaka 2023 walijiandikisha watu milioni 4.74; kwa mwaka 2025 walikuwa milioni 3.88. Karatasi ya Kiingereza ni ya saa tatu na alama 100, na alama 40 kati ya hizo zimelala kwenye makala nne za ufahamu: maswali matano kwa kila makala, alama mbili kwa kila swali. Mwongozo wa mtihani unataka maneno yapatayo 5,500. Kwa hiyo watu hukariri. Kuna vitabu vinene vya msamiati, kuna programu za simu, na kuna madaftari yaliyopigwa mistari ya rangi tatu. Nasema sehemu kubwa ya saa zinazotumika kulitazama neno lilelile tena na tena ingezaa zaidi kama mtahiniwa angeifunika maana na kujiuliza, kisha akaenda kulitafuta neno hilo ndani ya makala. Hatua hiyo ya pili haina mbadala.

Mtu wa kumsikiliza hapa ni Paul Nation wa Victoria University of Wellington, New Zealand, ambaye kwa miongo mingi ameshughulikia swali moja: mtu mzima hujifunzaje maneno ya lugha ngeni? Profesa wa namna hii ungemtarajia apinge kukariri. Nation hapingi. Anaitetea kadi ya maneno, neno upande mmoja na maana upande wa pili, na anasema ujifunzaji huo wa makusudi huleta matokeo ya haraka na ya kudumu. Lakini ana masharti. Jibu litoke kichwani kabla ya kadi kugeuzwa. Marudio yaachane kwa muda unaozidi kurefuka. Kadi zichanganywe, ili mtu asikumbuke neno kwa sababu tu ya lililotangulia. Na maneno yanayofanana kwa maana au kwa umbo yasijifunzwe siku moja, kwa kuwa huvurugana. Hapo kitabu kilichopangwa kialfabeti kinamponza mwenye kukitumia, maana adapt na adopt hukaa karibu karibu, na mtahiniwa aliyechoka hutoka na picha moja ya maneno mawili. Halafu linakuja sharti ambalo wengi hulisahau: kwa Nation, ujifunzaji wa makusudi wa kila aina unastahili robo tu ya muda. Robo tatu zilizobaki ni za kusoma na kusikiliza, za kuandika na kuzungumza, na za kuongeza kasi kwa kile ambacho mtu tayari anakijua.

Watetezi wa orodha watajibu kwamba bila maneno hakuna makala inayosomeka, kwa hiyo orodha imalizwe kwanza. Ni hoja yenye nguvu, na hesabu yenyewe inaonyesha inapoishia. Mwaka 2000 Nation na mwenzake Hu walionyesha kuwa msomaji anayetaka kuielewa hadithi vizuri bila msaada huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Makala moja ya mtihani huu ina maneno kama 400, kwa hiyo asiyoyajua yasizidi 8. Mwongozo wa mtihani nao unaruhusu maneno mageni hadi asilimia 3, yaani 12. Maana yake, hata aliyekariri orodha yote bila kuacha neno anaweza kukuta makala iliyo juu kidogo ya uwezo wake. Pengo hilo orodha haiwezi kuliziba, kwa kuwa maneno hayo hayamo ndani yake. Linazibwa na mazoea ya kukisia maana kwa kufuata hoja ya mwandishi, na mazoea hayo hupatikana kwa kusoma. Tena makala hizi mara nyingi huchukuliwa kwenye magazeti na majarida kama The Economist na The Guardian, ambako neno la kawaida huvaa kazi nyingine. Aliyejifunza kwamba address ni anwani atakwama serikali inapo-address tatizo.

Wengine watasema dawa ni kurudia mitihani ya miaka iliyopita. Ni kweli, hakuna maandishi yaliyo karibu zaidi na mtihani wenyewe. Lakini katika raundi ya tatu mtahiniwa anakumbuka kuwa jibu ni C, na anachokiona kama maendeleo ni kumbukumbu ya herufi. Afunike machaguo, aandike jibu lake kwa maneno yake, aonyeshe sentensi inayolibeba, ndipo alinganishe. Kazi hiyo inachosha na inaumbua, na ninaamini ndiyo maana watu huikwepa: kusoma tena humpa mtu faraja ya kuona anajua. Wanafunzi wa Marekani nao walikisia nusu, wote.

Ipo hoja moja ambayo siwezi kuijibu kwa jaribio lolote. Mtahiniwa anayefanya kazi kutwa hubakiwa na saa moja usiku, na mbinu ninayoitetea inadai akili iliyo macho. Juu ya hapo, mtihani huu huwekewa kiwango cha chini kwa kila somo, si kwa jumla ya alama pekee. Anayetaka kubobea katika fasihi ya kale ya Kichina au tiba za jadi anaweza kung'ara katika fani yake na kukatwa kwa makala nne za Kiingereza. Je, kizingiti hicho kinampima mtafiti, au kinampima aliyekuwa na muda wa kujiandaa? Na kama mtafiti anahitaji kusoma Kiingereza kwa miaka yote ya kazi yake, kwa nini apimwe Desemba moja tu, mlangoni?