URAIBU: Mwea hakuna bahari, ila jahazi unaweza kuliunda

Maji ya mto Thiba yanayonywesha mpunga wa Mwea huingia mto Tana, nao Tana humwaga maji yake Kipini, si mbali na Lamu. Kwa hivyo usikubali kuambiwa eti majahazi ni mambo ya watu wa Pwani peke yao. Wewe uliyemaliza KCSE na unashinda Ngurubani ukichezea simu, hebu jaribu kuunda jahazi dogo la mbao, la kutosha kukaa mezani, lenye tanga na kamba zake zote.

Kwani si mchezo wa watoto huo? Basi fikiria mtepe. Chombo hicho cha Waswahili kilishonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Leo hakuna mtepe wa zamani unaoelea popote. Tunaujua kupitia maandishi, picha, na mifano midogo iliyohifadhiwa kwenye makumbusho. Chombo kikubwa kilioza, kidogo kikabaki. Na mafundi wengi wa majahazi huunda kwa macho na mazoea, bila ramani ya karatasi, kwa hivyo fundi akienda bila kumwachia mtu, ujuzi umekwenda naye.

Wenzetu wa Ulaya hupenda kuunda mifano ya meli kama Cutty Sark ya mwaka 1869, yenye milingoti mitatu na kamba zisizohesabika. Usianzie huko, utachoka. Jahazi letu lina mlingoti mmoja ulioinama mbele kidogo, foromali moja ndefu, na tanga la pembe tatu.

Mbao zisikusumbue. Nenda kwa seremala wa mtaani umwombe mabaki ya grevilea au saipresi, ambayo mara nyingi huishia jikoni kama kuni. Chora kwanza. Ukifanya sentimita 1 iwe sawa na sentimita 25 za chombo halisi, jahazi la mita 12 litakuwa na sentimita 48. Kata mkuku, simamisha mataruma juu yake, kisha anza kuvika vibao vyembamba.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu huona raha akamaliza upande mmoja wote ndipo ageukie wa pili. Gundi ikikauka inavuta, na chombo kinapinda kama ndizi. Weka kibao kimoja kulia, kimoja kushoto, hivyo hivyo hadi juu. Kibao kikikataa kupinda, kiloweke kwenye maji moto, kikunje taratibu, ukibane kwa vibanio vya nguo hadi kesho. Ndiyo, kesho. Ukiwa na haraka tafuta uraibu mwingine.

Kamba nazo zina hesabu. Kamba ya unene wa sentimita 2.5 kwenye jahazi halisi inakuwa milimita 1 kwenye lako, kwa hivyo kamba ya katani ya kufungia magunia itaonekana kama nyoka. Tumia uzi wa fundi wa nguo, uloweke kwenye majani chai upate rangi ya kamba kuukuu. Funga henza ya kupandishia foromali, halafu demani ya kuzuia tanga kwa nyuma. Zifunge ziweze kulegezwa, maana jahazi ambalo tanga halishuki ni pambo tu. Kitambaa cha tanga kiwe pamba nyepesi. Nailoni hung'aa vibaya.

Likikamilika, pitisha vanishi, lisubiri likauke kabisa, kisha lijaribu kwenye karai. Likilala upande, ongeza changarawe kidogo chini ndani, katikati ya mkuku. Utatamani kulipeleka mferejini, najua. Lifunge uzi na ubaki juu ya tuta, usiingie majini kulifuata: kichocho kipo kwenye mifereji ya Mwea, na mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana. Upepo wa alasiri ukilijaza tanga, legeza demani kidogo uone litakavyokwenda.