Nusu milimita inayoweza kugharimu injini

Injini inapofumuliwa kwa matengenezo makubwa, mwenye gari huelezwa bei ya pistoni, ringi na beringi. Ni nadra kuelezwa habari za pengo linalobaki kati ya kichwa cha pistoni na uso wa juu wa bloku, pistoni inapofika kikomo chake cha juu. Pengo hilo aghalabu halifiki milimita moja, lakini bila kulipima, hesabu ya uwiano wa mgandamizo huwa ni ya kubahatisha.

Uwiano huo hupatikana kwa kuchukua ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini, kisha kuugawa kwa ujazo unaobaki ikiwa juu. Ujazo unaobaki ni jumla ya chumba cha mwako kilichomo kwenye silinda hedi, unene wa gasketi baada ya kukazwa (si unene wake ikiwa mpya) na pengo lenyewe. Shimo lililo juu ya pistoni huongezwa, kinundu hutolewa.

Chukua injini ya Toyota ya aina ya 3S, iliyotumika katika Carina, Corona na RAV4 za awali. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 86 na pistoni husafiri milimita 86, yaani karibu sentimita za ujazo 500. Kwa kipenyo hicho, kila sehemu ya kumi ya milimita ni sentimita za ujazo 0.58. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, chumba cha mwako ni 45, gasketi ni 7 na pengo la nusu milimita ni 2.9. Uwiano ni 10.1 kwa 1. Bloku ikikwanguliwa nusu milimita pengo likaisha, uwiano hupanda hadi 10.6, na injini iliyokuwa tulivu yaweza kuanza kugonga ikiwekewa petroli ileile.

Upimaji wenyewe wahitaji subira kuliko vifaa. Kaboni husafishwa, kisha geji ya saa husawazishwa kwenye sifuri juu ya uso wa bloku. Ncha yake huwekwa juu ya pistoni, kwenye mstari wa pini, kwa kuwa pembeni pistoni huyumba na kudanganya. Krankishafti huzungushwa taratibu hadi mshale ugeuke. Hapo ndipo kikomo. Silinda zote hupimwa, maana bloku iliyokwanguliwa vibaya huweza kuwa na mteremko, na fundi anayepima moja tu hataugundua.

Katika injini nyingi za dizeli mambo hugeuka: pistoni hujitokeza juu ya bloku, hivyo ujazo huo hutolewa badala ya kuongezwa. Watengenezaji wengi hutoa gasketi za unene tofauti, zenye alama za matundu au pengo ukingoni, na fundi huchagua kulingana na pistoni iliyojitokeza zaidi. Akifunga nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni yaweza kugusa hedi.